Rangi ya Wimbi

Pale Jericho, hapa Nairobi, kando ya njia iendayo sokoni, kuna kioski cha mbao ambacho kimewazidi umri wazazi wenu. Kimefungwa siku nyingi. Juzi niliwakuta watoto watatu wamechuchumaa mbele yake, kila mmoja na msumari, wanakikwangua. Nilifungua kinywa niwakaripie, nikakifunga tena. Mmoja wao alikuwa amefika rangi ya nne.

"Babu, hii kioski imevaa nguo ngapi?" akaniuliza.

Juu kabisa palikuwa na nyekundu iliyokwajuka hadi ikafanana na ufizi wa mtoto mchanga. Chini yake kijani. Chini ya kijani, nyekundu nyingine nzito zaidi, kisha buluu, na mwisho kabisa rangi ya malai iliyokuwa imeshikana na mbao kama ngozi. Mpangilio huo niliujua bila msumari. Tabaka tatu kati ya hizo nilizipaka mwenyewe, kwa mkono huu ambao siku hizi unatetemeka nikishika hata kijiko.

Nilikuwa mwandishi wa mabango. Leo mabango yanachapwa kwa mashine juu ya plastiki na kufungwa kwa waya, lakini wakati wetu kampuni ikitaka kuonekana Eastlands ilitafuta ukuta na mtu mwenye brashi. Watu wa soda, wa sabuni au wa simu walimjia mwenye duka wakamwambia: tupe ukuta wako, tutaupaka rangi bure, na jina la duka lako tutaliandika pale juu. Mwenye duka alikubali haraka, maana rangi ni ghali na ukuta wake ulikuwa umebabuka. Ndiyo sababu hadi leo ukitembea kutoka Makongeni hadi Kayole, kuta zenyewe zinakuambia nani ana pesa mwaka huu.

Nyingine zinakuambia nani alibadilisha mawazo. Chukueni kampuni moja tu ya simu. Mwaka 2000 ilianza ikiitwa Kencell. Mwaka 2004 ikawa Celtel. Mwaka 2008 ikaitwa Zain, na mwaka 2010 ikawa hii Airtel mnayoijua. Majina manne ndani ya miaka kumi, na kila jina lilikuja na sura yake na ndoo zake za rangi. Sisi mafundi hatukulalamika hata kidogo, tulikula. Lakini nyanya zenu walichanganyikiwa. Jirani yake Safaricom alikaa na kijani chake, na M-Pesa ilipoanza Machi 2007 vibanda vya wakala vikavaa kijani hicho hicho, mpaka ikawa mtoto ambaye hajajua kusoma akitumwa dukani anaambiwa tu, "Nenda kwa ile ya kijani," na hapotei. Mkiniuliza mimi, rangi ya kawaida iliyokaa mahali pamoja miaka ishirini inaishinda rangi nzuri inayohamahama.

Basi, kati ya wale watatu wa msumari kulikuwa na msichana wa miaka 13 na kakake anayemzidi kidogo. Mama yao huuza uji alfajiri kwenye steji, Jogoo Road. Miaka yote amekuwa akibeba chupa zake za uji ndani ya karai, vikombe ndani ya ndoo. Sasa amepata mkokoteni uliotumika, wenye kibanda kidogo juu, na anataka uandikwe jina na uwekwe nembo. Msichana ndiye mchoraji wa nyumba hiyo, kwa hiyo kazi ikawa yake.

"Babu, nifunze kuchagua rangi," akasema, akafungua daftari.

Alikuwa amechora kikombe, mvuke, jua linalochomoza, suke la nafaka, na jina la biashara limepinda kama upinde wa mvua. Boksi lake lina penseli 12 za rangi. Alikuwa ametumia zote 12.

"Hii ni nembo au ni harusi?" nikamwuliza.

Kakake alicheka. Yeye hakucheka.

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa rangi nyingi. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ikipita Buruburu na taa zake na picha zake za wanamuziki, mimi mzee mzima husimama nikatazama. Lakini nganya ina sekunde chache tu za kukufanya ugeuze shingo, na imeajiriwa kupiga kelele. Na hata nayo ilipewa mkanda. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika, na kila matatu ikalazimika kuvaa mstari wa manjano kuzunguka mwili mzima. Watu walinung'unika sana. Ila mstari huo mmoja ulifanya kazi ambayo picha zote zile hazikuweza kuifanya: mtu amesimama mbali, vumbi limetanda, hajaona namba wala jina, na tayari anajua lile ni gari la abiria.

Nikawaketisha juu ya kreti. Nikawaambia kwamba kabla hujajiuliza unapenda rangi gani, uliza nani ameketi ndani yake. Rangi ni kama viti vya matatu. Ukikuta mtu ameshakaa, humkalii mapajani.

Kakake akaanza. "Manjano! Inaonekana mbali."

Kweli. Maandishi meusi juu ya manjano husomeka kwa mbali kuliko jozi nyingi, na ndiyo maana alama nyingi za hatari duniani zimevaa hivyo. Lakini nikamwuliza mkokoteni wa mama una magurudumu mangapi.

"Mawili."

"Na mwaka 2022 hapa Nairobi, ni nini cha manjano kilichokuwa na gurudumu?"

Walifikiri kidogo kisha wote wakapiga kelele pamoja: wilbaro! Alama ya chama cha UDA. Nikawaambia, sasa pakeni manjano kitu chenye gurudumu kisha mkisukume hadi Jogoo Road. Kuna atakayenunua uji kwa sababu ya chama na kuna atakayepita bila kununua kwa sababu ya chama, na wote wawili hawajaonja uji wenyewe.

"Basi ya machungwa," kaka akasema.

Hapo ilibidi nicheke mimi. Hao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2005. Mwaka ule kulikuwa na kura ya maoni kuhusu katiba, na ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura, tume ya uchaguzi iliwapa upande wa Ndiyo alama ya ndizi na upande wa La alama ya chungwa. Tarehe 21 Novemba chungwa likashinda. Baada ya hapo halikurudi sokoni likakaa na maembe kama zamani. Likageuka jina la chama, ODM. Mimi nilikuwa nimepaka saluni moja rangi ya machungwa miezi michache kabla, kwa kuwa mwenyewe aliiona inachangamka. Alinirudia mbio. Wateja walikuwa wanagombana huku wakisukwa, na msusi ameshika kichwa katikati.

Mwaka 2010 tume haikuhangaika tena na matunda. Ilitoa rangi zenyewe, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La. Tarehe 4 Agosti kijani ikashinda, na katiba tuliyo nayo leo ikapita. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba rangi ni pambo tu. Nchi hii imewahi kuulizwa swali lake kubwa kabisa kwa rangi mbili.

"Kijani nayo?" msichana akauliza kwa sauti ndogo. Alikuwa ameanza kuona njia inakuwa nyembamba.

"Watu watakuja kwa mama yako kutoa pesa."

Na hilo ni la mchana tu. Jumapili kijani ina mwenyewe mwingine, Gor Mahia, tangu 1968. Buluu nayo ni ya AFC Leopards, Ingwe, timu iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United. Mchezo wao mnauita Mashemeji, na uwanja wa City, ambao sasa una jina la Joe Kadenge, uko pale pale Jogoo Road. Siku ya mechi, kikombe cha uji kwenye mkokoteni wa buluu hakiwezi kujifanya ni kikombe tu.

"Lakini Babu, mimi ni wa Ingwe," msichana akasema.

"Na mama?"

"Gor."

"Basi msipeleke vita ndani ya uji."

Nyekundu sikuizungumzia sana. Wenyewe walikwisha kuinua macho wakatazama duka la ng'ambo, na friji yake ya soda, na kiti cha plastiki cha soda, na ubao wa soda. Nikawaonyesha tu ile nyekundu ya kioski iliyokuwa imegeuka ufizi. Nyekundu nyingi za kung'aa ambazo bei yake ni nafuu huliwa na jua haraka. Unapaka simba, baada ya misimu michache una paka.

Msichana akafunga daftari. "Babu, basi zote zimeisha."

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu nilimjibu kwa lugha yetu yenyewe, wala sikwenda mbali. Sikilizeni jinsi Kiswahili kinavyotaja rangi. Ziko tatu tu ambazo hubadilika pamoja na jina la kitu: gari jeupe, kikombe cheusi, milango myekundu. Nyeupe, nyeusi, nyekundu. Hizo ndizo zinazobadilisha mavazi kila zinapokwenda. Zilizobaki tunazibebea kikapu kinachoitwa "rangi ya", na mkichungulia ndani ya kikapu mara nyingi mtakuta kitu. Manjano ni kile kiungo cha pilau na mchuzi. Zambarau ni tunda linaloacha ulimi umechafuka. Kahawia inatoka kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, kijani kwenye jani. Waridi ni ua. Samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Waliotutangulia walipohitaji rangi hawakuwa na boksi la penseli 12; walitazama kitu chenye rangi hiyo wakakiita.

Na zile tatu za mwanzo ukitaka kuziona zimekaa pamoja kwa adabu, tazama leso ya harusi huko Pwani, kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Mombasa kuna duka lililoanza 1887 linalouza leso zenye chapa ya Mali ya Abdulla, na mitindo mingapi imekuja na kupita hapo, lakini kisutu bado watu huolewa nacho. Bendera yetu ya Desemba 12, 1963 ina hizo hizo tatu ikaongeza jani. Mkiichora shuleni wengi wenu husahau ile mistari miwili myembamba myeupe, mnaiona kama uzi tu. Iondoeni muone. Nyekundu inagusana na nyeusi, inagusana na kijani, na kwa mbali vyote vinaanza kumezana. Nyeupe ile inasimama kama amani, ndivyo tunavyofundishwa, na ni kweli. Lakini fundi wa rangi anaona pia mwamuzi aliyesimama kati ya mabondia.

Nikamwuliza msichana, "Uji wa mama ni wa nini?"

"Wimbi." Akaongeza haraka, maana kakake ni mtundu, "Wimbi wa kusaga. Si wimbi la bahari."

"Umewahi kuutazama?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kutazama kidole chake. Nikamwambia arudi kesho.

Alirudi na kiberiti. Alipokifungua, ndani kulikuwa na punje za wimbi, na kwenye karatasi nyingine unga wake, na ndani ya kifuniko cha chupa uji wenyewe umeganda kidogo. Hilo la kuleta vyote vitatu sikumwagiza. Tukavipanga juu ya kreti kwenye mwanga. Punje zilikuwa nyekundu iliyoiva sana, karibu kahawia, kama vigae vya nyumba za Kaloleni baada ya mvua. Unga ulikuwa mweupe uliochafuka, una waridi na kijivu kwa mbali. Uji ulikuwa kahawia nzito. Rangi tatu, zote zimetoka tumbo moja, na hakuna aliyezichagua.

"Hii," akasema, akagusa punje. "Na maandishi rangi ya unga."

Kakake akainamia kiberiti, akainuka, akasema neno moja: "Equity."

Mtoto ana macho. Benki ile ni ya kahawia, na mawakala wake wako kila mtaa wa Eastlands. Nilikaa kimya nikifikiri. Halafu nikawaambia kwamba kuna njia ya kukaa kiti kimoja bila ugomvi, nayo ni kama mnashuka vituo tofauti. Hata serikali inajua hivyo. Mtu anayetaka kusajili nembo Kenya huenda kwa taasisi inayoitwa KIPI, na huko alama za biashara hugawanywa katika madaraja 45 ya bidhaa na huduma. Benki iko daraja la 36. Huduma ya kuwaandalia watu chakula na vinywaji ni daraja la 43. Swali kubwa ni kama mteja atachanganyikiwa. Na anayetafuta uji saa kumi na moja alfajiri hajaja kufungua akaunti. Ila tukakubaliana kuivuta yetu kuelekea nyekundu, ili isimame mbali na ile ya benki.

Kuchanganya tulifanyia nyuma ya nyumba yangu. Kipimo chetu kilikuwa kifuniko cha chupa ya soda. Msingi ulikuwa ile rangi ya sakafu ambayo mafundi wote wanaiita redoksaidi. Mnajua ni nini ile? Kutu. Ni kutu ya chuma iliyosagwa, ndugu wa ile inayokula mabati ya Kamukunji. Watu waliokaa mapangoni maelfu ya miaka iliyopita walichora wanyama kwa udongo wenye kutu hiyo hiyo na michoro bado inaonekana, kwa sababu jua halina la kuifanya. Chuma kikishaoza kimemaliza kuoza. Ni rangi ya bei nafuu na inazidi zile za kung'aa kwa uvumilivu, na mimi nashangaa wenye biashara ndogo wanaikimbia kwa kuwa haina madaha.

Vifuniko vinane vya redoksaidi, viwili vya manjano, kimoja cha nyeusi. Nyeusi mnaitia tone kwa tone huku mkikoroga, kwa kuwa ikizidi hairudi. Inameza wenzake wote. Msichana aliandika vipimo ukutani kwa penseli. Nilimpongeza kwa hilo kuliko kwa mchoro. Rangi isiyoandikwa kipimo utaipata mara moja tu maishani.

Tukapaka kijibao. Kakake akasema maandishi ya unga yamepoa mno, tuyaandike kijani, kijani na kahawia zinapendeza kama mti. Nikamwambia sawa, andika. Akaandika neno UJI kwa kijani, pembeni yake dadake akaandika UJI kwa rangi ya unga. Ukiyatazama mchana, yote mawili unayaona.

"Piga picha kwa simu," nikasema, "kisha uiondolee rangi, iwe nyeusi na nyeupe."

Akafanya hivyo. UJI ya kijani ikatoweka. Alisugua kioo cha simu kwa kidole akidhani kimechafuka.

Kumbukeni picha ile siku mtakayochagua rangi zenu. Kila rangi ina jina na ina uzito. Kijani ile na kahawia ile zina majina mawili lakini uzito wao ni mmoja, na jicho likinyimwa majina linabaki na uzito tu. Jicho hunyimwa majina mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Nembo ikipigwa muhuri, ikitolewa fotokopi, hakuna rangi. Halafu kuna watu ambao tangu kuzaliwa nyekundu na kijani kwao ni mamoja; wengi wao ni wavulana, na mwingine anaweza kuwa darasani mwenu hajui, anashangaa tu kwa nini anakosolewa kwenye kuchora. Na kuna giza. Ndani ya jicho kuna chembe za kuona rangi, zinazotaka mwanga mwingi, na chembe nyingine za kuona gizani, ambazo hazijui rangi kabisa. Mama yenu anaanza kuuza saa kumi na moja, jua bado liko Bahari ya Hindi huko. Katika mwanga hafifu nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi. Kwa hiyo mkokoteni wake alfajiri utakuwa mweusi mtupu, na herufi za unga ndizo zitakazokuwa zimeamka.

Kijana akakubali, ingawa alitumia siku nzima kukubali. Akaingia kwenye simu, akaichora nembo yote upya kwa programu fulani, kikombe na mstari mmoja wa mvuke. Kazi safi. Ila akaja amekasirika: rangi ya simu inawaka, ya kijibao imelala. Akadhani tumeharibu.

Hatukuharibu. Simu inatengeneza rangi kwa taa: nyekundu, kijani na buluu, kila moja ina ngazi 256 kuanzia 0 hadi 255, na ukizichanganya kila namna unapata rangi zaidi ya milioni 16. Taa zote tatu zikiwaka kabisa unapata nyeupe. Rangi ya kopo inafanya kinyume. Haitoi mwanga wowote, inakula mwanga wa jua na kukurudishia mabaki, na ukichanganya nyingi unapata matope. Mashine ya kuchapa nayo ina wino zake nne. Ndiyo maana kitu kile kile kina sura tatu, kwenye simu, kwenye karatasi na kwenye bati, na watu wanaolipa pesa nyingi kwa nembo hulia kila siku kwa sababu hiyo. Nikawaambia wakihifadhi kile kijibao ndani ya gazeti, mahali pakavu. Hicho ndicho mama wa rangi. Atakayechapa chochote apewe hicho kama kielelezo, asipewe simu.

Ya kuchapa ilikuja haraka, kwani mama yao alitaka aproni mbili. Kwenye uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake na inapitishwa peke yake, na kila fremu unailipia. Ile nembo ya penseli 12 ingemfilisi kabla ya kuuza kikombe kimoja. Rangi mbili ni fremu mbili. Msichana akakaa akiuma kucha, kisha akasema, "Tukinunua aproni za kahawia?"

Nilimwangalia. Akaendelea, "Si kitambaa kitakuwa ndiyo kahawia yenyewe. Tunalipia unga tu."

Fremu moja. Mimi nilipaka rangi miaka zaidi ya arubaini na kuna siku hilo lisingenijia.

Jumamosi tukapaka. Kwanza tukakwangua rangi ya zamani, maana mkokoteni ulikuwa wa mtu wa mayai na smoki, kisha tukapaka rangi ya chini, tukangoja ikauke. Watoto hawapendi kungoja. Nilipaka sehemu ya chini, usawa wa magurudumu, nyeusi tupu, na hilo halikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Udongo wa Eastlands ni ule mweusi unaonata, mvua ikinyesha unapanda hadi magotini, na sioni faida ya kupaka kitu unga ili tope lije kula. Herufi aliandika msichana. Mimi nilimshikia kiwiko kwenye herufi ya kwanza, J ikawa yake peke yake, na I ikatoka imenyooka kuliko zangu. Tone moja la rangi lilichuruzika chini ya U. Alitaka kulifuta. Mama yake alipoliona alisema linafanana na uji unaomwagika, liachwe.

Wiki mbili baadaye niliamka mapema kuliko kawaida, mifupa ilikataa kulala, nikatembea hadi steji. Bado giza. Matatu za kwanza zilikuwa zinaita abiria wa mjini. Kutoka ng'ambo ya barabara sikuona mkokoteni kabisa, niliona neno tu, UJI, limening'inia hewani na mvuke juu yake. Nikavuka. Watoto wote wawili walikuwa pale wakimsaidia mama kabla ya shule, kaka anamimina, dada anapokea pesa. Nikapewa kikombe, nikakatazwa kulipa.

Kando yangu kijana mmoja aliyevaa ovaroli alikuwa ameshika simu sikioni, anamwelekeza mwenzake.

"Shuka hapo steji, niko kwa mkokoteni wa kahawia… Zii, si Equity, saa hii Equity gani imefunguliwa? Hii ni ya uji."

Kaka aliacha kumimina, akanitazama.